Punguzo Huliona Simuni, Mfukoni Silioni: Je, Ununuzi wa Kikundi Mtandaoni Unaokoa Pesa?

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Umoja, Nairobi. Mimi ni mama wa watoto wawili, karani katika Eneo la Viwanda, na mume wangu ni fundi wa magari. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi nimekuwa mteja wa mojawapo ya zile tovuti ambazo bei hushuka iwapo watu watatimia idadi fulani kabla ya muda uliowekwa kwisha. Nilijulishwa na mwenzangu wa kazini, na humo nimenunua mchele, sabuni, vyombo vya jikoni, vocha za saluni na hata chakula cha hotelini kwa nusu ya bei.

Kila ninapolipa, simu huniandikia kwa rangi ya kijani kiasi nilichookoa, na mwezi uliopita iliniambia kwamba jumla yake imepita shilingi 6,000. Hata hivyo, mwisho wa mwezi ulipofika sikuziona hizo 6,000, na mume wangu pia hakuziona. Yeye hushikilia kwamba rahisi ni ghali na kwamba tovuti hiyo inatumaliza. Mimi hushikilia kwamba bila punguzo hilo tungetumia hata zaidi. Tumebishana mpaka watoto wameanza kutusikiliza, na hakuna kati yetu aliyeweza kumthibitishia mwenzake.

Nikupe mifano. Gunia la kilo 25 la mchele wa pishori nililipata kwa shilingi 4,250, na kando yake palikuwa na bei ya shilingi 6,000 iliyokatwa kwa mstari. Nililipa shilingi 250 za kulisafirisha hadi kituo cha kuchukulia mizigo, kisha shilingi 100 za boda hadi nyumbani. Katika duka la hapa mtaani, mchele wa aina hiyohiyo ni shilingi 190 kwa kilo. Mfano wa pili ni vocha ya kusukwa rasta katika saluni moja ya Westlands, niliyoinunua kwa shilingi 1,500 badala ya 3,000. Msusi wangu wa hapa Umoja hunitoza 1,200. Nauli ya kwenda Westlands na kurudi ilikuwa shilingi 300. Nina vocha nyingine ya saluni hiyo ambayo muda wake unakwisha mwisho wa mwezi huu, lakini kila ninapopiga simu kutaka nafasi ya Jumamosi ninaambiwa kwamba zote zimejaa.

Kuna pia pesa za blenda. Nililipa shilingi 2,800, kikundi hakikutimia, na pesa hazikurudi katika M-Pesa yangu. Zimewekwa kama salio ndani ya akaunti yangu ya tovuti, na wahudumu wananiambia nizitumie kununua kitu kingine.

Lililonisukuma kuandika, hata hivyo, ni chama chetu. Tuko wanawake 20. Tovuti hiyo imeniomba niwe kiongozi wa kikundi: nikusanye oda na pesa za wenzangu kupitia nambari yangu ya simu, mizigo iletwe kwangu waje waichukue, nami nipate kamisheni ya asilimia 5. Mweka hazina wetu amelipenda wazo hilo, na wapo wanaopendekeza kwamba michango ya kila mwezi ielekezwe huko kwanza. Tunakutana Jumapili ijayo na ninatarajiwa kutoa jibu.

Je, tovuti hizi zinaokoa pesa kweli? Nikubali kazi hiyo? Na pesa zangu za blenda nizipateje?

Mama Imani, Umoja

*

Mama Imani mpendwa,

Nashukuru kwamba umeniandikia bei kamili, kwa sababu bila hizo ningekujibu kwa kukisia. Tovuti za ununuzi wa kikundi huweza kuokoa pesa, lakini huziokoa katika hali chache ambazo mnunuzi anaweza kuzitambua kabla ya kulipa. Maandishi ya kijani yaliyo kwenye simu yako hayapimi hali hizo hata kidogo. Yanapima umbali uliopo kati ya bei uliyolipa na bei nyingine ambayo tovuti yenyewe imeiandika.

Tuanze na mchele. Tovuti inasema umeokoa shilingi 1,750, yaani 6,000 ukitoa 4,250. Wewe lakini hukuwa na nia ya kununua mchele wa shilingi 240 kwa kilo, kwa kuwa duka la mtaani kwako linauza kwa 190. Kilo 25 hapo dukani zingekugharimu shilingi 4,750. Kwa hiyo punguzo la kweli kabla ya gharama nyingine ni shilingi 500. Ondoa 250 za usafirishaji na 100 za boda, utabaki na shilingi 150. Hizo ni pesa halali na sizidharau, lakini si 1,750, na ikiwa kila kitu ulichonunua mwezi uliopita kilihesabiwa kwa mtindo huo, basi huhitaji kumtafuta aliyekula zile 6,000, kwa sababu sehemu kubwa yake haikuwapo tangu mwanzo.

Bei iliyokatwa kwa mstari inastahili kutazamwa kwa makini kuliko jambo jingine lolote katika biashara hii. Mnunuzi huiona kwanza, akili yake hushikamana nayo, na kila bei inayofuata huonekana ndogo. Wasimamizi wa biashara katika nchi nyingine wamelifuatilia jambo hili. Machi 2012, ofisi ya serikali ya Uingereza iliyosimamia biashara ya haki, baada ya kuichunguza kampuni ya Groupon, tovuti ya Marekani ya ununuzi wa kikundi, iliifanya itie sahihi ahadi za kubadilisha mwenendo wake, na miongoni mwa yaliyotajwa ni kwamba bei za awali zinazotumiwa kuonyesha punguzo lazima ziwe sahihi na za haki. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho ilihitaji kuambiwa hivyo kwa maandishi, mnunuzi wa Umoja ana kila sababu ya kuipuuza bei iliyokatwa na kuuliza moja tu: kitu hikihiki, kwa ujazo huuhuu, ningekipata kwa bei gani mahali ninaponunua siku zote?

Ukiuliza hivyo kuhusu saluni, hesabu inageuka kabisa. Vocha ni shilingi 1,500 na nauli ni 300, jumla 1,800, ilhali msusi wako angekutoza 1,200. Tovuti inakuambia umeokoa shilingi 1,500, na kumbe umetumia shilingi 600 zaidi ya kawaida yako, bila kuhesabu nusu siku iliyopotelea njiani. Sisemi kwamba hukustahili kwenda Westlands. Mwanamke anayefanya kazi wiki nzima ana haki ya kukaa katika saluni nzuri akahudumiwa kwa utulivu, na kama hilo ndilo ulilolitaka, shilingi 600 si nyingi kwa raha hiyo. Kosa ni la tovuti inayoiandika raha hiyo katika safu ya akiba, na katika daftari la nyumbani kwenu itabidi uihamishe hadi safu ya starehe.

Inafaa pia ujue punguzo hilo hutoka mfukoni mwa nani, kwa kuwa hapo ndipo utaelewa kwa nini Jumamosi zote zimejaa. Groupon ilianza Chicago mwaka 2008, na ofa yake ya kwanza ilikuwa piza mbili kwa bei ya moja katika baa iliyokuwa kwenye jengo lilelile la ofisi zao. Mtindo uliozoeleka baada ya hapo ni huu: mwenye biashara hukata bei yake kwa nusu, kisha tovuti huchukua karibu nusu ya kile mteja alicholipa. Huduma ya shilingi 3,000 ikiuzwa kwa 1,500 kwa masharti ya namna hiyo, mwenye saluni hubaki na takribani 750, na humo alipe wasusi, kodi ya nyumba, umeme na maji. Masharti ya tovuti yako siyajui na huenda ni mepesi zaidi, lakini mwelekeo hauwezi kuwa tofauti sana. Mwenye saluni anayepokea robo ya bei yake hawezi kukupa kiti cha Jumamosi ambacho mteja mwingine yuko tayari kukilipia bei kamili. Atakuweka Jumanne saa nne asubuhi, wakati wewe uko kazini, au atakuuzia nywele za kusukia kwa bei ya juu ili afidie pengo.

Sisemi hivyo ili kuwalaumu wafanyabiashara hao. Wengi wao huingia kwa matumaini na hutoka na majeraha. Mwaka 2010, mtafiti Utpal Dholakia wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston aliziuliza biashara 150 zilizokuwa zimeuza kupitia Groupon: asilimia 66 zilisema ofa iliwaletea faida, asilimia 32 zilisema haikuwaletea faida, na zaidi ya asilimia 40 zilisema hazingerudia. Mteja anapaswa kuyajali hayo, kwa sababu mfanyabiashara anayepata hasara kwa kila kichwa kinachoingia mlangoni ataipunguza huduma, apende asipende, na anayeupokea upungufu huo ni yule mwenye vocha mkononi.

Sasa nifike kwenye swali ambalo naona ndilo linalotenganisha ofa ya kweli na tangazo tu: je, idadi ya watu inapunguza gharama yoyote? Pale ambapo inapunguza, kununua pamoja kuna maana. Gari moja likipeleka mizigo ya nyumba 20 katika ploti moja, mafuta ya gari hugawanywa kwa 20. Mtu akinunua magunia mengi kwa pamoja, huuziwa kwa bei ya jumla na kumruka mtu wa kati mmoja au wawili. Kampuni ya Pinduoduo, iliyoanzishwa China mwaka 2015, ilijijenga kwa njia ya namna hiyo: ilianza kwa kuuza matunda, wanunuzi wakaalikana kupitia simu zao, na oda nyingi zilizokusanywa pamoja zikampa mkulima na msafirishaji kazi kubwa kwa mara moja. Lakini katika vocha ya saluni, watu 50 wakinunua, kila mmoja bado anahitaji kiti chake, msusi wake na saa zake. Idadi haikupunguza gharama hata ya shilingi moja. Saa inayohesabu kurudi nyuma na maneno ya kwamba bado wanahitajika watu watatu yana kazi nyingine, nayo ni kukufanya ulipe kabla hujafikiri, kisha uwasumbue ndugu na marafiki ili nao walipe. Tovuti ingetumia pesa nyingi kuwapata wateja hao kwa matangazo, na wewe umeifanyia kazi hiyo bila malipo.

Kuna huduma moja ambayo ningeiweka kando na lawama hizo, nayo ni malazi. Chumba cha hoteli kisicholaliwa leo hakiwezi kuuzwa tena kesho, kwa hiyo hoteli ya Naivasha au ya pwani katikati ya wiki, nje ya likizo za shule, ina sababu ya kweli ya kukubali nusu ya bei kuliko kupata sufuri. Ikiwa wewe na mume wako mlikuwa mmepanga safari hiyo hata kabla ya kuiona ofa, na mmeipigia hoteli simu moja kwa moja mkaithibitisha bei yake ya siku hiyo, mnaweza kuokoa maelfu. Neno zito hapo ni kwamba mlikuwa mmepanga.

Nirudi kidogo kwenye gunia lako la mchele, kwa sababu lina gharama moja ambayo hukuiandika. Familia ya watu wanne inayokula pia ugali, chapati na githeri huenda ikamaliza kilo tano au sita za mchele kwa mwezi. Maana yake ni kwamba gunia hilo litakaa jikoni miezi minne au mitano. Katika muda huo shilingi 4,250 zimefungiwa ndani ya gunia, na karo, kodi au dawa ya mtoto ikikujia ghafla, hutaweza kuilipa kwa mchele. Wengi hufikia hapo wakakopa kwenye simu, na ada ya mkopo mdogo wa mwezi mmoja inaweza kuimeza ile faida ya shilingi 150 na kudai nyingine. Ongeza fukusi, ambao katika nyumba zetu zenye joto na makabati ya mbao hawachelewi. Kununua kwa wingi kunafaa pale tu ambapo ulaji wenu unaumaliza wingi huo kwa wakati.

Kuhusu mabishano yenu nyumbani, naona kila mmoja wenu ameshika kipande cha ukweli. Mume wako ana haki ya kusema kwamba pesa zinakwenda, na wewe una haki ya kusema kwamba baadhi ya bei ni nafuu kweli. Badala ya kushindana kwa maneno, pakueni taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu kupitia programu ya simu, mkae pamoja jioni moja mtie alama kila malipo yaliyokwenda kwenye tovuti hiyo. Kwa kila alama andikeni mambo mawili: tungekinunua kitu hiki hata kama ofa isingekuwapo, na kama ndiyo, kingetugharimu kiasi gani kwa jumla hapa mtaani, pamoja na nauli. Kitu ambacho msingekinunua, kiandikeni chote kama matumizi, hata kama kilikuwa na punguzo la asilimia 70. Vocha iliyokwisha muda bila kutumika nayo ni matumizi, tena ni matumizi yasiyokuwa na kitu. Nina hakika kwamba mtapata bidhaa mbili tatu ambazo zimekuokoeni pesa kila mara, labda sabuni au mafuta ya kupikia, na nyingi ambazo zililetwa na ofa peke yake. Endeleeni na zile mbili tatu. Hizo nyingine ziacheni, na mzimishe arifa za tovuti kwenye simu, maana si rahisi kukataa ofa inayokuita kila asubuhi ukiwa ndani ya matatu.

Sasa suala la chama, ambalo naliona zito kuliko yote. Nakushauri usikubali kazi hiyo kwa masharti uliyoyaeleza. Pesa za wanawake 19 zikipitia nambari yako ya simu, basi mbele yao mdaiwa ni wewe. Mzigo ukichelewa, ukija mchele wa aina nyingine, au tovuti ikifungwa ghafla, hakuna atakayekwenda kuitafuta ofisi ya kampuni. Watagonga mlango wako, na watakuwa na haki, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa walio nao una jina lako. Biashara za aina hii hazina mizizi mirefu. Groupon yenyewe ilikataa karibu dola bilioni 6 ambazo Google ilitaka kuinunulia mwishoni mwa 2010, ikauza hisa zake kwa umma Novemba 2011, na kufikia Februari 2013 mwanzilishi wake, Andrew Mason, alikuwa ameondolewa uongozini. Ikiwa hayo yanaweza kumpata mkubwa wao, usiuweke urafiki wa miaka mingi juu ya kampuni ndogo ambayo huwajui hata wenye nayo.

Tazama pia kamisheni. Asilimia 5 ya gunia la shilingi 4,250 ni shilingi 212 na senti 50. Pesa hizo hazitoki hewani, zimo ndani ya bei ambayo wenzako watalipa. Kabla hujazipokea, jiulize kama uko radhi kuwatangazia kikaoni kwamba kwa kila gunia wanalonunua wewe unapata kiasi hicho. Mambo haya yakijulikana baadaye kupitia mdomo wa mtu mwingine huvunja vyama, hata kama hakuna senti iliyoibwa.

Lakini wazo la kununua pamoja lisitupwe. Wanawake 20 wanaoaminiana, wanaoishi karibu na wanaokula vyakula vilevile tayari ni kikundi cha ununuzi, na hamhitaji tovuti iwakusanye. Jumapili peleka pendekezo hili: kila mwanachama aandike kile ambacho nyumba yake humaliza kwa mwezi, kilo ngapi za mchele na sukari, lita ngapi za mafuta, pakiti ngapi za unga. Tuseme kila mmoja anataka kilo tano za mchele, hizo ni kilo 100, yaani magunia manne ya kilo 25, na kila nyumba inachukua sehemu yake bila kufungia pesa za miezi mitano. Wateueni wawili waende Nyamakima kuuliza bei za nafaka kwenye maduka ya jumla yasiyopungua matatu, na siku mtakapotaka sufuria au sahani waende Kamukunji. Hata kama mtauziwa mchele kwa shilingi 170 kwa kilo, sawasawa na bei ya tovuti, tofauti itaonekana katika usafiri: pikapu mkiikodi kwa shilingi 1,500, kila mwanachama anachangia 75 kwa mizigo yake yote, ilhali wewe ulilipa 350 kwa gunia moja. Bei ya tovuti iulizeni pia siku hiyohiyo, na mwezi ambao itakuwa chini ya Nyamakima baada ya kuhesabu usafiri, nunueni huko bila kinyongo, ila kila mwanachama alipe kampuni moja kwa moja kwa nambari yake ya Lipa na M-Pesa, na jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha malipo liwe la kampuni, lisiwe la mtu binafsi.

Michango ya kila mwezi iacheni ilipo. Mzunguko wa chama ni ahadi mliyowekeana, na yupo mwenzenu ambaye amepangia pesa zake karo ya muhula ujao. Fungu la ununuzi liwe tofauti, liwe na daftari lake, na anayejiunga ajiunge kwa hiari.

Imebaki vocha na pesa za blenda. Kwa vocha, iandikie saluni kwa maandishi leo, usipige simu, uwaombe siku yoyote iliyo wazi kabla ya mwisho wa mwezi, hata kama ni jioni ya siku ya kazi, na nakala uipelekee tovuti. Wakikosa kukupa nafasi, utakuwa na ushahidi kwamba vocha haikutumika kwa sababu yao. Suala la muda wa vocha limewahi kuisumbua hata Groupon, ambayo mwaka 2012 ilikubali kutoa dola milioni 8.5 ili kumaliza kesi ya wateja wa Marekani waliolalamikia, pamoja na mengine, tarehe za mwisho za vocha hizo.

Kwa blenda, simama imara zaidi. Ulilipia kitu mahususi kwa sharti kwamba kikundi kitimie, sharti halikutimia, na kitu hukupewa. Salio ndani ya tovuti si pesa, kwa sababu huwezi kulipia nauli wala maziwa kwa salio hilo, na lengo lake ni kukurudisha dukani kwao. Soma masharti waliyokuonyesha siku uliyolipa. Yapige picha ya skrini pamoja na salio hilo, uyahifadhi pamoja na ujumbe wa M-Pesa. Kisha waandikie barua pepe fupi ukitaja tarehe, kiasi na nambari ya muamala, na uwape siku 14 za kurudisha shilingi 2,800 katika M-Pesa yako. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa katika maslahi yake ya kiuchumi, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina vifungu kuhusu mikataba ya kwenye intaneti, vinavyomtaka muuzaji amweleze mnunuzi mambo ya msingi kabla hajakubali na kumpa nakala ya mkataba. Zitaje zote mbili katika barua hiyo, kwa utulivu na bila matusi.

Siku 14 zikipita kimya, peleka malalamiko yako pamoja na nyaraka zote kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia pia malalamiko ya watumiaji. Wakikuzungusha, Mahakama ya Madai Madogo iliyopo Milimani husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Kwa shilingi 2,800 huenda usifike huko, lakini waulize wanachama wenzako Jumapili ni wangapi wana salio lililokwama katika tovuti hiyohiyo. Wakiwa wanne au watano, andikeni malalamiko ya pamoja na kila mmoja aambatishe ujumbe wake wa malipo.